Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya afya Mtwara: Dawa za Kichina za kisukari zipimwe na wagonjwa waulizwe

Kwa: Viongozi wote wenye dhamana ya afya katika Mkoa wa Mtwara na halmashauri zake

Yah: DAWA ZA KICHINA ZINAZOTUMIWA NA WAGONJWA WA KISUKARI

Waheshimiwa,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Ninaandika hadharani kwa sababu barua ya bahasha haikujibiwa. Tulikuwa familia kadhaa zenye wagonjwa wa sukari, kutoka Mtwara mjini, Nanyamba na Tandahimba. Tuliandika pamoja, tukapeleka barua kwa mkono katika ofisi moja ya afya, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Tulipofuatilia tukaambiwa inafanyiwa kazi. Tulipofuatilia tena tukaambiwa mhusika yuko semina. Sitaji mtu wala ofisi, kwa sababu sikuja kumchongea mtu. Nataka tu yale yaliyokuwamo ndani ya barua ile yasikike.

Niweke msimamo wangu wazi mapema. Siombi dawa za Kichina zipigwe marufuku. Ndugu zangu wanazitumia, majirani zangu wanazitumia, na wapo wanaosema zimewasaidia. Ninachoomba ni kwamba dawa hizi zitumike pamoja na tiba ya hospitali, mbele ya macho ya daktari, zikiwa zimepimwa na kuandikwa kilichomo. Leo zinatumika kwa kificho, na mgonjwa ndiye anayelipia kificho hicho kwa mwili wake.

Wapo watakaosema dawa za miti ni upuuzi mtupu. Hao naomba wakumbuke dawa ya mseto tunayomeza tukiugua malaria. Kiini chake, artemisinini, kilitokana na mmea ambao Wachina waliutumia kwa homa kwa karne nyingi. Mwanasayansi Tu Youyou alirudi kwenye maandishi ya kale ya tiba ya nchi yake, akapata humo njia ya kuitoa dawa kwenye mmea bila kuiunguza kwa moto, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobeli. Hata metfomini, kidonge ambacho karibu kila mgonjwa wa kisukari hapa anakijua, chimbuko lake ni mmea wa Ulaya uitwao Galega officinalis. Daktari Mfaransa Jean Sterne alichapisha matokeo ya kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1957.

Kwa kisukari chenyewe, Wachina wana mzizi uitwao huanglian, wenye kemikali iitwayo berberini. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti mdogo kutoka Shanghai wa watu wazima 36 waliokuwa wamegundulika karibuni kuwa na kisukari cha aina ya pili. Waliopewa berberini miligramu 500 mara tatu kwa siku, kwa miezi mitatu, walishuka katika kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kutoka asilimia 9.5 hadi 7.5, karibu sawa na waliopewa metfomini. Watu 36 ni wachache na miezi mitatu ni mifupi. Hakuna daktari makini atakayebadili tiba ya mkoa mzima kwa utafiti kama huo. Lakini unatosha kutuonyesha kwamba humu ndani mna vitu vyenye nguvu ya kweli. Na kitu chenye nguvu ya kushusha sukari kina nguvu ya kuishusha kupita kiasi. Hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Hakuna anayejua kilichomo ndani ya chupa.

Mama yangu mdogo ana kisukari cha aina ya pili. Kliniki ilimpa metfomini na glibenklamaidi, kidonge kingine cha hospitali cha kushusha sukari, na alikuwa anazimeza vizuri. Kisha akanunua kwenye gulio chupa nyeupe ya plastiki yenye maandishi ya Kichina ubavuni. Juu ya maandishi hayo ilibandikwa kwa selotepu karatasi ya fotokopi iliyosema kwa Kiswahili: "Husafisha kongosho. Hutibu kisukari, presha, vidonda vya tumbo na nguvu za kiume. Vidonge 3 asubuhi, 3 jioni." Hapakuwa na jina la kiwanda kwa herufi tunazozisoma, wala namba ya usajili, wala orodha ya viambato. Tarehe ya mwisho wa matumizi ilikuwa imefunikwa na selotepu ileile.

Sukari yake ilishuka haraka, naye akafurahi. Alfajiri moja tukamkuta amelowa jasho kana kwamba amemwagiwa maji, anatetemeka, anazungumza maneno yasiyoeleweka, hatambui mtu. Nyumba ya jirani wakaanza kumsomea Yasini wakidhani ni majini. Mhudumu wa zahanati, Mungu ambariki, alimchoma kidole kabla ya kuuliza lolote, mashine ikasoma 2.1, yaani sukari ilikuwa chini mno. Alipopewa glukosi alirudiwa na fahamu, lakini mchana sukari ikashuka tena, kwa kuwa dawa kama glibenklamaidi hufanya kazi mwilini kwa saa nyingi baada ya kumezwa. Alilazwa mpaka kesho yake.

Je, ile chupa ilikuwa na glibenklamaidi ndani, juu ya ile aliyopewa kliniki? Niliipeleka chupa, vidonge vikiwa vimebaki nusu, nikaomba vipimwe. Nikajibiwa, "Mwambieni aache hayo madawa." Chupa ikarudi nami nyumbani, na ningali ninayo.

Swali langu silitoi hewani. Mwaka 2009, huko Xinjiang, China, watu wawili walikufa baada ya kutumia vidonge bandia vya kisukari vilivyojazwa glibenklamaidi kupita kiasi. Mwaka uliotangulia, nchini Singapore, watu 150 wasio na kisukari walilazwa ndani ya miezi michache wakiwa wameshukiwa na sukari vibaya, na wanne wakafariki. Ilibainika kwamba dawa haramu za nguvu za kiume zilikuwa na glibenklamaidi ndani yake. Hapa kwetu dawa za kisukari na za nguvu za kiume zinauzwa juu ya meza moja, na muuzaji mmoja.

Linganisheni na utaratibu wa China kwenyewe. Huko kuna vidonge maarufu vya kisukari viitwavyo Xiaoke Wan. Ni mitishamba iliyochanganywa makusudi na glibenklamaidi, miligramu 0.25 katika kila kidonge, na jambo hilo linajulikana kwa daktari. Akimwandikia mgonjwa vidonge kumi kwa mara moja anajua amempa miligramu 2.5, yaani nusu ya kile kidonge cha miligramu 5 tunachokifahamu. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliowafuatilia wagonjwa 800 kwa wiki 48: waliotumia Xiaoke walishukiwa na sukari mara chache kuliko waliotumia glibenklamaidi peke yake. Mchanganyiko wa tiba mbili, basi, unaweza kufanywa kwa utaratibu. Huku kwetu vidonge vya namna hiyo vikimfikia mtu ambaye tayari anameza glibenklamaidi ya kliniki, atakuwa amemeza dozi mbili bila yeye wala daktari wake kujua.

Na tusiishie kwenye sukari. Ubelgiji, miaka ya 1990, wanawake waliotumia mitishamba ya Kichina ya kupunguza uzito waliharibikiwa figo, baada ya mmea mmoja kuwekwa mahali pa mwingine kimakosa. Ule uliowekwa ulikuwa na sumu, asidi ya aristoloki. Mgonjwa wa kisukari figo zake tayari ziko hatarini. Mzizi mtamu uitwao gancao, unaotiwa katika michanganyiko mingi ya Kichina, ukitumiwa kwa wingi na kwa muda mrefu hupandisha presha na kushusha madini ya potasiamu mwilini. Wangapi kati ya wagonjwa wetu wa sukari hawana presha?

2. Wauzaji wanawaachisha watu insulini.

Hili naliandika kwa uchungu. Mtu wa kisukari cha aina ya kwanza, ambao wengi wao ni watoto na vijana, mwili wake hautengenezi insulini. Akiiacha, damu yake hujaa tindikali, na ndani ya siku chache anaweza kufa. Hakuna mzizi wa Kichina, wa Kimakonde wala wa Kizungu unaochukua nafasi ya insulini kwa mtu huyo. Kabla insulini haijaanza kutumika kutibu mwaka 1922, watoto wa namna hii walikuwa wakifa, China na Ulaya, bila kujali ubingwa wa waganga wao.

Lakini kwenye magulio na kwenye vipindi vya redio vinavyolipiwa tunasikia maneno haya: "Sindano inakufanya mtumwa, hii inaponya moja kwa moja." Mzazi aliyechoka kutafuta nauli ya kwenda kuchukua insulini, asiye na friji, anayeihifadhi ndani ya chungu cha maji, akisikia maneno hayo atasikiliza. Msimlaumu. Wa kulaumiwa ni anayeyasema, na mwenye mamlaka ya kumnyamazisha anayekaa kimya. Nimesikiliza vipindi hivyo na sijasikia mganga mmoja akimuuliza mpigaji simu kama kisukari chake ni cha aina ya kwanza au ya pili.

3. Kliniki hawaulizi, na wakijua wanafoka.

Mama mdogo alikuwa na daftari lake la kliniki. Humo mna uzito, presha, sukari ya asubuhi, dawa na tarehe ya kurudi. Kurasa zote hizo, na hakuna mahali mtu alipoandika anatumia nini kingine. Siku aliyojaribu kutaja dawa ya Kichina alijibiwa kwa ukali mbele ya foleni nzima. Kuanzia hapo hakutaja tena, na waliokuwa nyuma yake kwenye benchi nao wakajifunza kunyamaza.

Wauguzi wetu wamezidiwa, nalijua hilo. Siku ya kliniki ni watu wengi na mikono michache. Lakini mgonjwa anayefokewa haachi dawa, anaacha kusema. Daktari anaona sukari imeshuka, anadhani ni metfomini iliyofanya kazi, na anapanga dozi inayofuata kwa kufuata picha isiyo ya kweli. Wengine wanameza mitishamba wiki nzima, wanaiacha siku mbili kabla ya kliniki ili wasigundulike, na kipimo kinachosomwa siku hiyo si cha maisha yao ya kila siku.

4. Miguu.

Vipo vibanda vinavyotoa huduma ya kuloweka miguu kwenye maji ya moto ya dawa, kuchoma majani makavu ya dawa yaitwayo moksa karibu na ngozi na kupiga vikombe, yaani kuumika, kwa ahadi ya kuondoa ganzi. Mwenye ganzi ya kisukari hahisi moto. Anaungua bila kujua, lengelenge linageuka kidonda, kidonda kinaoza, na tunaishia kuzungumza habari za kukatwa mguu. Kuzuia hili hakuhitaji maabara.

5. Msimu wa korosho.

Mnajua, waheshimiwa, wakulima wanapoanza kulipwa baada ya minada ndipo magari ya wauza dawa yanapopandisha Newala, Tandahimba na Masasi. Wanakuja na spika, kompyuta ndogo na kichuma cha kushika mkononi wanachokiita kipimo cha mwili mzima. Unashika kichuma kwa dakika moja, mashine inatoa karatasi inayoeleza hali ya kongosho, figo, ini na mishipa, bila tone la damu wala la mkojo. Hakuna kifaa cha kushikwa mkononi namna hiyo kinachoweza kujua hali ya kongosho. Tiba ya Kichina yenyewe haina kitu hicho. Mabingwa wake hushika mapigo ya mkono, hutazama ulimi, na katika hospitali za China leo hutuma damu maabara kama daktari yeyote. Baada ya karatasi hiyo mkulima anaambiwa anunue dozi ya miezi mitatu, na fedha ya msimu, ambayo ndiyo ada ya shule na ndiyo salfa ya kupulizia mikorosho mwakani, inaishia hapo.

Gunia la korosho likifika ghalani hutolewa sampuli, korosho zikakatwa, unyevu ukapimwa, ndipo likapewa daraja na kwenda mnadani. Kidonge kinachoingia tumboni mwa mama hakipitii hata nusu ya ukaguzi huo.

Najua baadhi ya majibu yatakayotolewa, kwa hiyo nayajibu mapema.

Mtasema hili ni jambo la Baraza, si la mkoa. Ni kweli, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 ndiyo iliyounda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Lakini mkoa una mratibu wa tiba asili, na halmashauri zina waratibu. Hao ndio macho ya Baraza huku chini. Kama hawana usafiri wala bajeti ya kufika kwenye magulio, semeni hivyo hadharani, nasi tutawasaidia kudai.

Mtasema hakuna maabara. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ina ofisi ya kanda hapa Kusini na ina maabara Dar es Salaam. Mkemia Mkuu wa Serikali yupo. Chupa moja ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri inafika Dar es Salaam kwa basi la siku moja.

Mtasema watu wazima wana hiari yao. Hiari bila taarifa si hiari. Mtu hawezi kuchagua kitu ambacho jina lake limefunikwa kwa selotepu.

Wapo pia watakaonong'ona kwamba tukiyagusa haya tutawaudhi rafiki zetu wa China. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija kuhudumia Watanzania tangu miaka ya 1960, wakianzia Zanzibar mwaka 1964, na wengi wetu tunawaheshimu kwa kazi yao. Daktari wa Kichina aliyesomea tiba yake miaka mitano chuoni hana sababu ya kumtetea mtu wa gulio aliyebandika fotokopi juu ya chupa. Yeye ndiye wa kwanza kuchafuliwa jina.

Na wapo watakaosema jibu rahisi ni kupiga marufuku kila kitu. Nawasihi msifanye hivyo. Marufuku ingezizamisha dawa hizi ndani zaidi, na mgonjwa angezidi kuficha. Wizara yenyewe inazungumzia tiba jumuishi, yaani tiba asili na ya hospitali kwenda pamoja. Basi tiba jumuishi ianze na kliniki ya kisukari, mahali ambapo madhara ya kutojumuisha yanaonekana kwa mashine ya kuchoma kidole.

Tunaomba yafuatayo:

(a) Kila daftari la kliniki ya kisukari mkoani liwe na nafasi ya kuandika dawa nyingine anazotumia mgonjwa, za Kichina, za asili au za dukani, na muuguzi aulize kila siku ya kliniki kwa lugha ya upole. Swali liwe: "Mama, mbali na dawa zetu, unatumia na nini? Uje nayo tuione." Hili halina gharama zaidi ya wino, na linaweza kuanza wiki ijayo.

(b) Sampuli za dawa za Kichina za kisukari zinazouzwa masokoni na magulioni zichukuliwe kabla ya msimu ujao wa korosho, zipimwe kama zina glibenklamaidi, metfomini na dawa nyingine za hospitali zilizofichwa, na kama zina madini ya sumu. Matokeo yabandikwe kwenye mbao za matangazo za zahanati na ofisi za vijiji, kwa majina ya dawa na picha za chupa. Chupa ya mama mdogo nitaileta mwenyewe.

(c) Dawa isiyo na namba ya usajili na maelezo ya Kiswahili yanayotaja viambato, dozi na tahadhari isiuzwe. Anayetangaza kwamba dawa yake inachukua nafasi ya insulini achukuliwe hatua za kisheria, na redio inayompa muda iitwe ijieleze.

(d) Vipimo vya mwili mzima vya kushika kichuma visitumike kupima wala kuuza dawa ya ugonjwa wowote.

(e) Wahudumu wa zahanati na wahudumu wa afya ngazi ya jamii wakumbushwe dalili za kushuka kwa sukari, na kwamba mtu aliyeshushwa na dawa za kundi la glibenklamaidi asiruhusiwe kwenda nyumbani mara tu anapozinduka. Mashine ya kupimia sukari bila vijiti vyake haifai kitu, vijiti visikosekane.

(f) Mtaalamu wa tiba ya Kichina aliyesajiliwa, anayetaka kufanya kazi kwa uwazi, apewe njia ya kuandikiana na daktari wa kliniki: yeye amempa nini mgonjwa, daktari amempa nini, nani anapunguza dozi gani sukari ikianza kushuka. Na katika hilo neno la mwisho juu ya insulini liwe la daktari.

Mgonjwa anayesoma barua hii, usiache dawa yoyote ghafla kwa sababu yangu. Chukua chupa yako, ikiwa na maandishi au haina, nenda nayo kliniki ukamwonyeshe daktari, na umwambie kweli tangu lini unaitumia. Ukitokwa na jasho la ghafla, ukitetemeka, ukiona giza, kunywa maji yenye sukari nyingi kisha ukapimwe. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Waheshimiwa, tunaomba jibu la maandishi kwa maombi haya, moja baada ya jingine, lile linalowezekana na lile lisilowezekana pamoja na sababu yake. Tunaomba pia kikao na waratibu wa tiba asili wa halmashauri zote, wagonjwa wakiwamo, kabla maghala ya korosho hayajafunguliwa. Tupo tayari kuja mahali popote na saa yoyote mtakayopanga.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mlezi wa mgonjwa wa kisukari,
kwa niaba ya familia zilizotia saini barua ya awali,
Mtwara